Mgema na Tembo Lake: Kuitazama Upya The Lost World: Jurassic Park

Kabla ya kusema lolote kuhusu hadithi, waigizaji au fedha zilizokusanywa, naomba nianze na kioo. Trela refu la watafiti limesukumwa na dinosauri wawili hadi nusu yake ya nyuma ikabaki inaning'inia nje ya ukingo wa jabali, mvua inanyesha, mawimbi yanapiga miamba chini kabisa, na mwanamke mmoja ameporomoka humo ndani kutoka juu hadi chini, akatua kifudifudi juu ya kioo cha nyuma ambacho sasa kimegeuka kuwa sakafu. Kioo hakivunjiki. Kinaanza kupasuka polepole, ufa mwembamba ukichomoza chini ya kiganja chake, kisha mwingine, kama utando wa buibui unaojisuka wenyewe, na sauti yake ni ndogo kuliko sauti ya mvua. Kila anapojaribu kujiinua, hana budi kukikandamiza kioo kilekile anachokiogopa. Nimeitazama filamu hii mara nne, na mara zote nne nimejikuta nimeacha kupumua hapo, ingawa najua vizuri kwamba ataokoka.

Filamu ninayoizungumzia ni The Lost World: Jurassic Park, iliyoongozwa na Steven Spielberg na kutolewa nchini Marekani mwezi Mei 1997, mwanzoni mwa msimu wa kiangazi ambao studio za huko huutengea filamu zao kubwa na za gharama. Ni mwendelezo wa Jurassic Park ya mwaka 1993. Mwendelezo huo haukuepukika, kwa kuwa mchovya asali hachovyi mara moja, na asali iliyopatikana mwaka 1993 ilikuwa nyingi kuliko ile ya filamu yoyote iliyotangulia. Swali lililowakabili waliokwenda kuitazama wakati ule, na linalomkabili anayeifungua leo sebuleni kwake, ni lile la methali nyingine: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Je, Spielberg, baada ya sifa zote zile, alilitia maji? Jibu langu ni kwamba alilitia, lakini si katika kibuyu chote. Sehemu kubwa ni tembo kali kwelikweli, na maji yamemiminwa mwishoni, mahali ambapo hata mlevi wa juzi anaweza kuyaonja.

Hadithi yenyewe inaelezeka upesi. Kampuni iliyowaumba upya dinosauri ilikuwa na kisiwa cha pili, Isla Sorna, ambako wanyama walizalishwa kabla ya kuhamishiwa kwenye bustani ya maonyesho. Kisiwa hicho kiliachwa, na wanyama wakajiendea bila uzio wala mlinzi. Mzee John Hammond, mwanzilishi wa kampuni, anayeigizwa tena na Richard Attenborough, sasa ametubu na anataka kisiwa kiachwe kama kilivyo. Mpwa wake Peter Ludlow, aliyemnyang'anya usukani, anataka kuwakamata wanyama na kuwapeleka mjini San Diego wakaonyeshwe kwa malipo. Makundi mawili yanatua kisiwani, moja la watafiti wachache na jingine la wawindaji wengi wenye magari na bunduki, na katikati yao yupo mwanahisabati Ian Malcolm, anayeigizwa na Jeff Goldblum, ambaye hakutaka kabisa kurudi kwenye balaa hili ila amelazimika kwa sababu mpenzi wake, Sarah Harding, amekwisha kutangulia. Binti wa Malcolm, Kelly, amejificha ndani ya trela. Hayo yanatosha, yaliyobaki ni kukimbia.

Hata hivyo, si kweli kwamba filamu hii ni ya kukimbia tu, na hapo ndipo ninapotofautiana na watu wengi walioiponda. Filamu ya kwanza ilikuwa na hazina moja ambayo haiwezi kutumika mara mbili, yaani mshangao. Mtu akishamwona dinosauri mkubwa akitembea uwandani mchana kweupe, mwenye ngozi, uzito na pumzi, hawezi kumwona tena kwa mara ya kwanza. Spielberg, ambaye hakuwa ameongoza filamu nyingine tangu mwaka ule wa 1993, naamini alilijua hilo, kwa sababu hakujaribu kuurudia mshangao. Badala yake aliweka kitu kingine, nacho ni kungoja. Katika saa moja na nusu ya kwanza, kila tukio linalokumbukwa limejengwa juu ya mtu anayejua kwamba jambo baya linakuja na hana la kufanya ila kulisubiri: kioo kinachopasuka, nyasi zinazotikisika, maji ya kidimbwi yanayotetemeka, mwanamke aliyelala hemani huku kivuli kikubwa kikipita juu ya kitambaa. Mshangao ni wa jicho, lakini kungoja ni kwa tumbo.

Hata tukio la ufunguzi limepimwa kwa kipimo hicho. Mtoto wa matajiri waliotia nanga ufukweni anajitenga na wazazi wake, anakutana na mjusi mdogo anayesimama kwa miguu miwili, anampa kipande cha nyama, na anafurahi kwa kuwa amepata rafiki. Kisha wanatokea wengine, na wengine. Kamera haituonyeshi wanachomfanya. Tunamwona mama anayefika na kupiga yowe, na papo hapo picha inakatwa: yowe linageuka kuwa mlio wa treni, na mahali pa mama amesimama Malcolm, akipiga miayo mbele ya tangazo lenye minazi. Ni mzaha mkavu, na unamwambia mtazamaji mapema kwamba mwongozaji huyu safari hii hana nia ya kumbembeleza.

Mwanga nao umebadilika. Mpiga picha mkuu ni Janusz Kaminski, na pale ambapo filamu ya kwanza ilikuwa na jua, nyasi za kijani na rangi angavu za mabango ya bustani, hapa kuna ukungu, matope na taa zinazokata giza kama visu. John Williams, aliyetunga muziki wa filamu zote mbili, ameuweka kando ule wimbo wa fahari ambao kila mtu anaukumbuka, akajaza mahali pake ngoma nyingi za kasi na ala za upepo zenye sauti nzito; wimbo wa zamani unarudi mwishoni tu. Mtu anayeingia akitarajia kuimbiwa wimbo anaoujua atavunjika moyo kidogo, lakini nadhani uamuzi ulikuwa sahihi. Wimbo ule ulikuwa wa watu walioshangaa, na hapa hakuna mwenye nafasi ya kushangaa.

Sasa nifike kwa mtu ambaye kwangu ndiye roho ya filamu hii, na ambaye msomaji wa Kiswahili atamkumbuka kwa jina kabla ya kumkumbuka kwa sura. Kiongozi wa wawindaji anaitwa Roland Tembo. Waandishi walikusudia, bila shaka, mnyama mwenye mkonga, kwa kuwa huyu ni mwindaji mkongwe wa wanyama wakubwa na jina lake limechaguliwa ili lilete harufu ya nyika. Iwapo waliijua ile maana nyingine, ya kinywaji cha mnazi, sidhani, ila mimi sikuweza kujizuia kutabasamu kila lilipotajwa. Anaigizwa na Pete Postlethwaite, Mwingereza mwenye uso uliochongwa kama mti wa kale, na jambo la ajabu ni kwamba tabia iliyoandikwa iwe ya adui inageuka mikononi mwake kuwa tabia yenye heshima kuliko za mashujaa wote. Tembo hataki fedha. Amekwisha kuwinda kila kinachowindwa, mchezo umemchosha, na anachotaka kama ujira ni ruhusa ya kumwinda dume la tiranosauri, yule dinosauri mkubwa mla nyama, basi.

Kinachomtofautisha na wengine ni kwamba anajua kungoja. Wenzake wanapokimbizana na wanyama kwa pikipiki na kupiga makelele, yeye anatafuta nyayo, anakagua mavi, anafuata njia hadi kwenye kiota, kisha anamfunga kinda kwenye nguzo na kukaa vichakani, bunduki yake kubwa ya mitutu miwili magotini, akimsubiri baba wa kinda. Ni ukatili, na filamu haifichi kwamba ni ukatili. Lakini ni ukatili wa mtu anayemheshimu mnyama anayemwinda, tofauti na Ludlow, ambaye kwake dinosauri ni tiketi yenye miguu. Mwishowe, risasi zake zikiwa zimeibwa kisirisiri na mmoja wa watafiti, Tembo anamwangusha dume kwa dawa ya usingizi badala ya kumuua, lakini katika usiku huohuo anampoteza Ajay, rafiki yake wa miaka mingi. Ludlow anampongeza na kumwahidi kazi nono. Mzee anamtazama na kumjibu, kwa maneno machache, kwamba ameishi na mauti vya kutosha. Anaondoka, na filamu haimwoni tena.

Diski ya filamu hii ina mandhari yaliyokatwa, na mojawapo ni utangulizi wa huyu Tembo. Yupo baa mjini Mombasa, Ajay amekuja kumtafuta kwa ajili ya kazi ya kisiwani, na mtalii mmoja mlevi anamsumbua mhudumu. Tembo anamkabili mlevi huyo huku mkono wake mmoja umefungwa nyuma. Si tukio la maana sana kwa mwendo wa hadithi, na Mombasa yenyewe inayoonyeshwa ni ile ya kubuni, yenye feni za darini na wazungu waliochoshwa na jua, lakini kuliondoa kulikuwa kosa. Bila hilo, urafiki wa wawili hao unatajwa zaidi kuliko unavyoonekana, na kifo cha Ajay kinapita haraka mno kwa mtazamaji asiyekuwa makini.

Kuna undugu mwingine na nchi zetu ambao haukukatwa. Kundi la Ludlow linapowakusanya wanyama uwandani, kwa magari ya wazi, kamba, fito ndefu na mtu aliyekaa kwenye kiti kilichochomoza nje ya gari, yeyote aliyewahi kuitazama Hatari! ya mwaka 1962, filamu ya Howard Hawks iliyopigwa Tanganyika na iliyobeba jina la Kiswahili tangu bango lake, ataitambua picha hiyo mara moja. Kule walikuwa wakikamata faru na twiga kwa ajili ya bustani za wanyama, na kukamata kwenyewe kulikuwa kwa kweli, bila mtambo wa kompyuta. Hapa ni parasaurolofasi wenye upembe mrefu nyuma ya kichwa na pakisefalosauri mwenye fuvu nene kama tofali, anayemrusha mtu kupitia mlango wa gari hadi akatokea mlango wa pili. Pikipiki inapita chini ya tumbo la mnyama mwenye shingo ndefu, katikati ya miguu yake. Ni tukio la kusisimua sana, na ni hapo tu ambapo filamu inakimbia vizuri, labda kwa sababu anayekimbia ni mnyama na anayefukuza ni mtu, hivyo mtazamaji hajui amshangilie nani.

Kisha kuna nyasi. Manusura wa makundi yote mawili wanatimua mbio usiku, wakimkwepa tiranosauri, na mbele yao pana uwanda wa nyasi zinazomfika mtu kifuani. Ajay anawapigia kelele wasiingie humo. Sikio la kufa halisikii dawa. Wanaingia, mmoja baada ya mwingine. Kamera inapanda juu, na chini tunaona mistari iliyonyooka ikichoreka katika nyasi kutoka pande kadhaa, kama vidole vinavyopita kwenye manyoya, yote ikielekea kwa watu. Mkia unainuka na kuzama. Mtu wa nyuma kabisa anatoweka, bila damu wala sauti ya kutosha kumgeuza mwenzake. Tukio lote halifiki dakika mbili, na mnyama haonekani mzima hata mara moja. Kama ningetakiwa kumweleza mwanafunzi wa filamu maana ya kuonyesha kwa kuficha, ningemwonyesha nyasi hizi na kunyamaza.

Baada ya sifa hizo, ni haki niseme yanayoudhi, na mengi yanahusu akili za wahusika. Sarah, anayeigizwa na Julianne Moore kwa uchangamfu unaostahili maandishi bora zaidi, ametambulishwa kama mtaalamu wa tabia za wanyama wakali, mtu aliyekaa miaka mingi karibu na simba na fisi. Anahubiri kwamba mtafiti aangalie asiguse, kisha yeye ndiye wa kwanza kumpapasa mtoto wa stegosauri, na nusura auawe na mkia wa mama yake. Analiloweka koti lake kwa damu ya kinda la tiranosauri, anatamka mwenyewe kwamba damu haikauki kwa sababu ya unyevu, halafu anaendelea kulivaa msituni, ilhali wazazi wa kinda wananusa kila upande. Mtaalamu wa fisi angelivua. Nick, mpiga picha aliyeigizwa na Vince Vaughn, ndiye chanzo cha karibu kila kifo kisichokuwa cha lazima: anawafungulia wanyama, analileta kinda kwenye trela, anaiba risasi, na filamu inamhesabu shujaa hadi mwisho bila mtu kumuuliza swali. Ama kuhusu Kelly anayeruka kwenye mabomba ya ghala kama mwanasarakasi na kumpiga velosirapta, dinosauri mwindaji mwenye ukubwa wa mtu, teke hadi akapenya ukutani, nitasema tu kwamba Vanessa Lee Chester ni mwigizaji mdogo mwenye kipaji na hakustahili kuachiwa mzigo huo.

Kwa upande wa elimu ya viumbe wa kale, filamu ina akili kuliko inavyosifiwa, na wakati huohuo ina makosa ya ukaidi. Wazo lake kubwa, kwamba dinosauri walikuwa wazazi waliolea makinda yao, halikutungwa na mwandishi wa filamu. Mwaka 1979 Jack Horner na Robert Makela walimpa mnyama aliyegunduliwa huko Montana, pamoja na viota na makinda, jina la Maiasaura, yaani mjusi mama mwema, na Horner huyohuyo ndiye aliyekuwa mshauri wa filamu hizi. Kwa hiyo tiranosauri wawili wanaokuja kumchukua mtoto wao, wakaondoka naye, kisha wakarudi kuliangamiza lile trela, wana hoja ya kisayansi nyuma yao, hata kama hasira yao imetiwa chumvi. Velosirapta, kwa upande mwingine, bado ni wakubwa kama mtu, ingawa velosirapta wa kweli, aliyepatikana Mongolia, alifika kimo cha kama nusu mita nyongani, na hawana unyoya hata mmoja. Hilo la manyoya siwalaumu; dinosauri wa kwanza mwenye manyoya, asiyekuwa ndege, alitangazwa nchini China mwaka 1996, filamu ikiwa tayari inatengenezwa. Na wale wadogo wa ufukweni wanatajwa kwa jina la kisayansi ambalo ni mchanganyiko wa majina ya wanyama wawili tofauti.

Niruhusiwe kupotea njia kidogo kuhusu laisini. Katika filamu ya kwanza tuliambiwa kwamba wanyama waliumbwa wakiwa hawawezi kujitengenezea laisini, mojawapo ya viungo vya protini, ili wakitoroka wafe. Mwendelezo huu unaeleza kwamba wamepona kwa kula mimea yenye laisini, na wala nyama wamepona kwa kuwala wala majani. Maelezo ni mazuri. Tatizo ni kwamba hata sisi wanadamu hatuwezi kujitengenezea laisini, na wala hawawezi kuku au ng'ombe; kila mnyama huipata katika chakula. Kufuli lililotajwa kwa kishindo katika filamu ya kwanza halikuwa kufuli, na filamu ya pili imetumia muda wake kueleza jinsi lilivyofunguliwa.

Ufundi wa wanyama wenyewe, miaka mingi baadaye, umesimama vizuri ajabu. Karakana ya Stan Winston ilitengeneza tiranosauri wa mitambo wenye ukubwa kamili, kila mmoja na uzito wa takriban tani 9, ambao hawakuweza kuhamishwa ovyo, hivyo mandhari yakajengwa kuwazunguka wao. Ukiwatazama wanapoliinamia trela, mmoja kila upande, pua zao zikitoa mvuke kwenye vioo, utajua mara moja kwamba waigizaji wanaangalia kitu kilichopo. Pale ambapo miili mizima inatembea, kompyuta imetumika, nayo imetumika zaidi kuliko katika filamu ya kwanza, lakini mara nyingi usiku na mvuani, ambako makosa hujificha. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar ya vielelezo vya picha ikashindwa na Titanic, na sina ugomvi na uamuzi huo.

Basi tufike San Diego, kwenye maji ya mgema. Hadithi ya kisiwani imekwisha. Helikopta zimekuja, Tembo ameondoka, mtazamaji amekwisha kutafuta viatu vyake kwa miguu gizani. Ndipo filamu inapoanza upya. Meli iliyombeba dume la tiranosauri inaingia bandarini bila kupunguza mwendo na kuparamia gati, mnyama anatoka, na kwa muda unaobaki anazurura mitaani akipindua magari na kumla mpita njia mmoja, ambaye, kwa taarifa ya wapenda mafumbo, ni David Koepp, mwandishi wa filamu yenyewe. Watu wanakimbia wakipiga mayowe. Basi la abiria linagonga duka. Kila kitu kinatokea mara tu kinapofikiriwa, na hakuna anayengoja chochote. Mnyama yuleyule aliyetutia hofu kwa pumzi yake tu juu ya hema anakuwa mzaha wa barabarani, kwa sababu mjini, chini ya taa, anaonekana wote kwa wakati mmoja.

Lipo tukio moja tu huko mjini ninalolitetea. Mtoto wa kiume anaamka usiku, anasogea dirishani, na uani anamwona tiranosauri akinywa maji ya bwawa la kuogelea. Hapigi yowe. Anakwenda kuwaamsha wazazi wake kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida, nao wanakuja wakiwa na usingizi na hasira, na dirishani wanakutana na kichwa kikubwa, kibanda cha mbwa kikining'inia kwa mnyororo kinywani mwake. Mtoto anapiga picha. Kwa nusu dakika Spielberg amekumbuka jinsi ya kungoja, halafu akasahau tena.

Na ile meli. Inapofika, mabaharia wote wamekufa, mkono mmoja uliokatika bado umeshika usukani, lakini mnyama yupo ngamani, amefungiwa. Nani aliwaua, na kama ni yeye, nani alimfungia baadaye? Watazamaji wamebishana juu ya hilo tangu 1997, na filamu haina jibu, si kwa sababu imeficha, bali kwa sababu haikujali.

Udhaifu huo haukuizuia kufanikiwa. Katika siku tatu za kwanza za mwisho wa juma ilikusanya takriban dola milioni 72 nchini Marekani, rekodi iliyodumu hadi mwaka 2001, na duniani kote ilipita dola milioni 600. Mwezi Oktoba mwaka huohuo mifupa ya tiranosauri aliyepewa jina la Sue ilipigwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 8, ikanunuliwa kwa ajili ya jumba la makumbusho la Field la Chicago, na sidhani kwamba bei ile haikuwa na uhusiano wowote na shauku iliyokuwa hewani mwaka huo.

Kwa anayeuliza kama inafaa kutazamwa na watoto, ningesema waanzie miaka 12 hivi. Damu si nyingi, lakini Eddie Carr, fundi anayejitolea kuliokoa lile trela, anakufa kifo kibaya kuliko stahili yake, na mtoto mdogo atalikumbuka hilo usiku. Itazamwe pia chumba kikiwa na giza, kwa kuwa picha za Kaminski hazionekani vizuri mchana penye dirisha wazi, na mtu atalaumu filamu kwa kosa la pazia.

Mara ya nne niliitazama na mpwa wangu wa kike, ambaye amezaliwa miaka mingi baada yake na amekulia kwenye filamu ambazo dinosauri ni wengi kama kuku. Simu aliishika tangu mwanzo, akaiweka kando wakati wa kioo, hakuigusa hadi mwisho wa nyasi, na tulipoingia San Diego akaichukua tena. Majina ya watu yalipoanza kupanda kwenye skrini aliinua kichwa.

"Mjomba, yule mzee mwindaji mbona hakurudi?"

Nikamweleza kwamba aliondoka kisiwani na hakuonekana tena. Akafikiri kidogo, akaomba turudishe nyuma hadi pale anapokataa ile kazi, na tukamtazama mara nyingine akimpa Ludlow mgongo na kwenda zake.